Umewekwa orodha ya kusubiri chuo Marekani? Mwongozo kamili, kuanzia kusubiri majibu mpaka orodha inafungwa

Hii ni kwa nyinyi mlioaplai vyuo vya Marekani na sasa hivi mnarifreshi potali, yaani ukurasa wako wa maombi kwenye tovuti ya chuo, kila baada ya dakika kumi, na zaidi ni kwa wale ambao jibu limeshatoka na si ndiyo wala si hapana, limekuja na maneno matamu kwamba tumevutiwa sana na maombi yako ila kwa sasa tunakuweka kwenye orodha ya kusubiri, yaani weitilisti. Nitaenda kwa mtiririko wa kalenda kwa sababu haya mambo yana msimu wake. Kitu kimoja tu nataka ukishike kuanzia hapa: orodha ya kusubiri kwenye pesa ihesabu kama hapana, kwenye imeili ihesabu kama labda. Wanaoumia sana ni wale wanaogeuza, wanaweka pesa na moyo wote kwenye labda alafu hawaandiki hata barua moja.

Hatua ya 1: Jua majibu yanatoka lini, alafu achana na potali

Waliotuma maombi ya mapema, yaani Early Decision (unaahidi kwenda ukikubaliwa) au Early Action (hujifungi), dedilaini ikiwa 1 au 15 Novemba, wengi wanapata majibu katikati ya Desemba, ingawa baadhi ya vyuo vya Early Action vinasogeza mpaka Januari au Februari. Early Decision ya pili inajibiwa Februari. Waliotuma mzunguko wa kawaida wa mwanzoni mwa Januari ndo wanaoteseka zaidi, maana majibu yanadondoka moja moja mwezi wote wa tatu mpaka kama tarehe mosi Aprili. MIT wana kawaida ya kutoa tarehe 14 Machi, siku ya pai, yaani 3.14, ndo utani wao. Vyuo nane vya Ivy League, lile kundi la vyuo vikongwe na maarufu kama Harvard na Yale, vinatoa siku moja mwishoni mwa Machi na kwa kawaida ni saa moja jioni ya New York, ambayo Afrika Mashariki ni saa nane usiku. Kwahiyo kama uko huku jiulize mapema kama kweli unataka kulisoma jibu saa nane usiku peke yako gizani, au utalala na kulisoma asubuhi ukiwa na akili zako. Jibu halibadiliki usiku.

Vyuo vingi vinatangaza siku na saa kabla. Ikishatangazwa hakuna faida yoyote ya kurifreshi. Kuna watu mtandaoni wanasoma potali kama waganga, mara kitufe kimehama, mara picha ya juu imebadilika, basi wanasema ukiona hivi umepita. Achana nao, programu za vyuo zinafanyiwa marekebisho kila siku bila kuhusiana na wewe.

Ila usiipuuze potali kabisa. Mara moja kwa wiki ingia kuangalia vitu vya maana tu: je hati zote zimepokelewa, je ripoti ya matokeo ya nusu mwaka kutoka shule imefika (hii inasahaulika sana kwa sababu mwalimu ndo anaituma), je fomu za msaada wa fedha kama CSS Profile zimekamilika. Alafu pitia na spamu kwenye imeili, kuna watu wanakosa kitu kizito kwa sababu ya spamu.

Wakati unasubiri kuna kazi mbili zinazolipa. Ya kwanza ni masomo, kwa sababu chuo kinachokukubali kitadai matokeo ya mwisho na kina haki ya kufuta ofa ukianguka vibaya, na ukiwekwa kwenye orodha matokeo mazuri ya mwisho ndo silaha yako ya kwanza. Ya pili ni kuhakikisha una chuo angalau kimoja ambacho ungekwenda bila kununa na ambacho pesa yake inalipika. Kama huna, vipo vyuo vinavyopokea maombi mfululizo mpaka majira ya kuchipua, bado unaweza kuongeza kimoja.

Kuhusu familia: waambie mapema, mara moja, tarehe fulani ndo nitawaambia, kabla ya hapo naomba msiniulize. Shangazi atauliza tu, lakini angalau mama atakuwa anamjibu kwa niaba yako.

Hatua ya 2: Soma jibu mpaka mwisho

Watu wanasoma mstari wa kwanza wanafunga simu. Rudi usome tena, kwa sababu majibu ni zaidi ya mawili. Kuna kuahirishwa, hii ni kwa walioaplai mapema, maana yake faili lako litasomwa tena pamoja na la watu wa mzunguko wa kawaida na utapata jibu jingine Machi. Kuna kuwekwa orodha ya kusubiri, hapo kusoma kumeisha, faili lako ni zuri ila hakuna kiti mpaka mtu mwingine akikatae. Kuna kukubaliwa kuanza Januari badala ya Agosti au Septemba. Na kuna ofa ya kuhamia baadaye, Cornell kwa mfano wana mpango ambapo mtu anasoma mwaka wa kwanza chuo kingine, akifikisha alama na masharti anahamia kwao. Kila moja ina kitufe chake na dedilaini yake, na maelekezo yapo humohumo kwenye barua au kwenye maswali ya kawaida waliyoambatanisha.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini hiyo orodha ipo

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ukielewa hii hesabu, nusu ya maumivu inapungua.

Chuo hakijui nani atakuja. Tuseme kina vitanda 1,000 vya mwaka wa kwanza na uzoefu unaonyesha katika kila watu 10 wanaokubaliwa wanakuja 4. Basi kinakubali watu 2,500. Mwaka huu wakija 950, kuna vitanda 50 vitupu na vitanda vitupu ni ada iliyopotea, kwahiyo watachota 50 au zaidi kutoka kwenye orodha. Wakija 1,030 wanaanza kutafuta vyumba vya ziada na orodha hawaigusi kabisa, hachukuliwi hata mmoja. Angalia hapo, wewe hujabadilika chochote kati ya hizo hali mbili. Insha ni ileile, alama ni zilezile. Kilichobadilika ni maamuzi ya vijana wengine elfu mbili na kitu.

Ndo maana vyuo kama Harvard, ambako zaidi ya asilimia 80 ya wanaokubaliwa wanakwenda, nafasi zinazobaki ni chache na kutabiri ni shida. Na ndo maana mwaka 2020 wakati wa korona, vyuo havikuwa na uhakika nani atakuja, vingi vilichota kwenye orodha zaidi kuliko kawaida.

Kingine ambacho wengi hawajui, mara nyingi orodha haina namba. Hakuna wa kwanza wala wa 300. Inapofika Mei ofisi ya udahili inaangalia darasa limepungukiwa nini, labda wanafunzi wa uhandisi wamekuja wachache, labda kwenye okestra mpiga selo hakuna, labda wanataka watu wa maeneo fulani, alafu wanaenda kwenye orodha kutafuta wa kuziba hilo pengo. Kuuliza niko namba ngapi ni kupoteza imeili.

Sasa namna ya kujua nafasi yako ilivyo. Andika kwenye gugo jina la chuo na maneno Common Data Set, ni waraka ambao vyuo vingi vya Marekani vinatoa kila mwaka. Nenda sehemu C2. Utaona namba tatu: walioalikwa kwenye orodha, waliokubali kubaki kwenye orodha, na waliochukuliwa mwishoni. Gawanya ya tatu kwa ya pili, sio kwa ya kwanza, maana wengi wanaoalikwa hujiondoa wenyewe. Na usiangalie mwaka mmoja, fungua miaka minne au mitano, kwa sababu chuo kilekile kinaweza kuchukua watu mia mwaka huu na sifuri mwaka kesho. Ukiwa hapohapo pitia C7, kuna mstari unaosema kama chuo kinazingatia kiwango cha hamu ya mwombaji. Kama kinazingatia, barua yako ya hatua ya sita ina uzito zaidi. Ripoti ya mwaka 2019 ya NACAC, chama cha maafisa na washauri wa udahili, ilionyesha kwamba kwa wastani kama asilimia 20 ya waliobaki kwenye orodha walichukuliwa, ila kwa vyuo vinavyochagua sana ilikuwa kama asilimia 7 tu. Hiyo ndo picha: sio sifuri, lakini huwezi kujengea nyumba juu yake.

Kwa mnaohitaji msaada wa fedha na si raia wa Marekani, hapa nitasema ukweli bila kuupaka sukari. Vyuo vichache tu, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin, vinapitia maombi ya wageni bila kuangalia kama wanaweza kulipa. Na hata chuo ambacho hakiangalii pesa mwanzoni kinaweza kuiangalia kinapofika kwenye orodha, kwa sababu bajeti ya msaada imeshagawiwa. Uliza moja kwa moja kwa imeili fupi: je, wanaotoka kwenye orodha ya kusubiri wanapata msaada wa fedha, na je, hali ya fedha inaangaliwa katika uamuzi? Wakikwambia hakuna msaada na wewe bila msaada huendi, jibu unalo, jiondoe, okoa miezi mitatu ya presha.

Hatua ya 4: Amua kama unabaki

Kubaki sio otomatiki. Kuna fomu au kitufe kwenye potali cha kusema nakubali nafasi kwenye orodha, kina dedilaini, na usipobonyeza wanakuhesabu umeondoka. Kwa kawaida ni bure. Unaweza kuwa kwenye orodha za vyuo vitatu kwa wakati mmoja na hakuna anayekukataza, na kubaki hakukufungi, wakikuita bado una haki ya kusema hapana.

Ila jiulize swali la kizembe kabisa: wakinipigia tarehe 20 Juni, nishazoea wazo la chuo kingine, nishapata mtu wa kukaa naye chumba, nitafurahi au nitachoka? Ukisita sana, pengine ulichokuwa unataka ni kusikia umechaguliwa tu, sio chuo chenyewe. Hiyo siyo dhambi lakini haitoshi kukaa roho juu mpaka Julai.

Hatua ya 5: Lipa dipoziti sehemu nyingine kabla ya tarehe 1 Mei

Ndugu zangu, hii ndo hatua yenyewe. Tarehe 1 Mei ndo siku ambayo vyuo vingi vya Marekani vinataka jibu na dipoziti. Orodha za kusubiri zinaanza kusogea baada ya hapo, ndo wanajua nani kaja. Kwahiyo ukisema ngoja nisikilizie kwanza, tarehe 2 Mei unaweza kujikuta huna chuo hata kimoja.

Chagua kilicho bora kati ya vilivyokukubali na ulipe, ujue kwamba ukiitwa kwingine hiyo pesa kwa kawaida hairudi. Ni mia kadhaa za dola, inauma, ichukulie kama bei ya kulala usingizi. Kama familia haiwezi, waandikie mapema kuomba kusamehewa au kuongezewa muda, vyuo vingi vina utaratibu huo ila hawatangazi sana. Kulipa dipoziti chuo kimoja huku uko kwenye orodha ya kingine ni halali na kila mtu anajua. Kulipa dipoziti vyuo viwili ndo kosa, vikijua vinaweza kufuta ofa vyote viwili, na pia unamkalia kiti mtu mwingine aliyeko kwenye orodha kama wewe.

Unapolinganisha vyuo, chukua gharama nzima ya mwaka, toa ufadhili usiorudishwa, kinachobaki ndo bei. Mkopo sio punguzo. Bima ya afya na nauli ya ndege weka humo, watu wanasahau. Na kama ofa ya msaada haitoshi, omba ipitiwe upya kabla ya 1 Mei, ukiwa na sababu na karatasi, kwa mfano mzazi amepoteza kazi baada ya kujaza fomu.

Kama unahitaji viza, endelea na chuo ulicholipia kana kwamba hakuna kingine: omba fomu I-20 (hati ambayo chuo kinakupa ya kuombea viza ya mwanafunzi), lipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ambayo ni dola 350, jaza DS-160 (fomu ya viza ya mtandaoni), lipa ada ya viza dola 185, tafuta tarehe ya usaili. Usisubiri orodha kwa sababu tarehe za ubalozi hazikusubiri wewe.

Hatua ya 6: Andika barua moja nzuri

Soma kwanza maelekezo ya chuo. Vingine vinataka barua, vingine vina kisanduku cha maneno machache kwenye potali, vingine vinasema wazi tusitumiwe chochote. Wakisema msitume, usitume, maana hapo ndo wanapima kama unajua kusoma.

Kama wanaruhusu, iandike ndani ya wiki moja au mbili baada ya jibu, isizidi ukurasa mmoja, iende kwa afisa anayesimamia eneo lako au kupitia potali. Isiwe na malalamiko. Aya ya kwanza inasema asante na bado nataka. Aya ya pili ndo nyama: kitu kipya ambacho hakikuwemo kwenye maombi. Matokeo mapya, kazi uliyoanza, mradi ulioisha, jukumu la nyumbani lililoongezeka. Mtu anaandika "nimeendelea kuwa kiongozi shuleni", hiyo ni hewa. Linganisha na hii: "Tangu Januari klabu yetu imeanza kufundisha hesabu wanafunzi wa kidato cha kwanza kila Jumamosi, mimi ndiye ninayepanga mazoezi, na alama yangu ya fizikia imepanda kutoka B hadi A." Hapo afisa ana kitu cha kusema kwenye kikao. Aya ya tatu ni kwa nini chuo hiki, kwa kitu mahususi, somo, maabara, mpango fulani, sio kwa sababu ni maarufu na mazingira ni mazuri.

Kama ni chaguo lako la kwanza na ukiitwa utakwenda bila kusita, liandike hilo waziwazi, lina uzito kwa sababu chuo mwezi wa tano kinataka watu watakaosema ndiyo haraka. Ila liandike kwa chuo kimoja tu. Na kama kwenda kwako kunategemea msaada wa fedha, usiahidi bila masharti.

Mwalimu wako mshauri anaweza kutuma matokeo mapya na neno fupi la kukuunga mkono. Barua ya ziada ya mapendekezo, moja inatosha, na iwe ya mtu anayejua kitu kipya kukuhusu, sio mheshimiwa fulani rafiki wa baba. Baada ya hapo nyamaza. Kukitokea jambo kubwa kweli mwezi wa tano, tuma sasisho la mistari mitano. Kupiga simu kila wiki, kutuma zawadi, mzazi kuandika imeili akijifanya wewe, hivyo vyote vinakuharibia.

Hatua ya 7: Mei mpaka Julai, ishi

Najua kuambiwa ishi ni rahisi. Kuwekwa kwenye orodha kunachosha kwa namna yake, aliyekataliwa analia wiki moja anaendelea, wewe kidonda kinabaki wazi, na mitandaoni kila mtu anaposti sweta ya chuo chake. Kwahiyo fanya makusudi: nyamazisha hizo akaunti kwa mwezi mmoja, hakuna atakayejua. Jiunge na grupu la wanafunzi wapya wa chuo ulicholipia, angalia masomo ya muhula wa kwanza, jaza fomu ya malazi mapema upate chumba kizuri. Usikiite chuo cha akiba mbele za watu, ukikiita hivyo mara nyingi utaamini na utafika Agosti umenuna. Na kama usingizi umepotea, huli vizuri na wiki zinapita, ongea na mtu mzima unayemwamini au mshauri wa shule, usijikaze peke yako.

Simu iwe na chaji na imeili uisome kila siku, kwa sababu wakikuita wanaweza kukupa siku mbili tatu tu za kujibu, wakati mwingine saa 24. Wengine wanaanza kwa kuuliza, bado unataka? Jibu siku hiyohiyo. Kabla hujasema ndiyo, pata vitu hivi kwa maandishi: ofa ya msaada wa fedha, malazi yapo au hayapo, na I-20 itatoka kwa muda gani. Kuomba ofa ya fedha kwanza sio utovu wa adabu, ofisi imezoea.

Ukikubali, kiandikie chuo cha kwanza imeili fupi ya kujiondoa, mara moja. Kama viza ulishaianza, waambie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo kipya: utahitaji I-20 yao, na ada ya SEVIS uliyolipa inaweza kuhamishiwa kwenye namba mpya ya SEVIS iliyo kwenye I-20 hiyo, usilipe mara mbili. Kama viza umeshapewa kwa jina la chuo cha kwanza, waulize kabla hujakata tiketi.

Upande mwingine, weka tarehe yako mwenyewe ya kufunga. Mimi ningesema katikati ya Juni kwa anayehitaji viza, mwisho wa Juni kwa asiyehitaji. Ikifika na kimya bado, ingia kwenye potali ubonyeze kujiondoa hata kama wao hawajafunga. Na kama ilitokea huna chuo kabisa, mwanzoni mwa Mei NACAC wanatoa orodha ya vyuo ambavyo bado vina nafasi, vingine na msaada pia, na unaruhusiwa kuaplai hata mwezi huo. Anayetaka kujaribu tena chuo kilekile, maombi ya kuhama kwa vyuo vingi yanafungwa kama Machi ya mwaka wa kwanza, na watakachosoma hapo zaidi ni alama zako za chuo, kwahiyo kabla hujasajili masomo ya muhula wa kwanza angalia chuo unachokitaka kinadai masomo gani kwa wanaohamia.